Kisu Hufia Mpinini

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, wakaishia hapo. Hawakuutaja mpini, na kimya chao kimetugharimu damu nyingi ya vidole. Kwa kuiamini methali hiyo, kila anayenunua kisu sokoni hupitisha kidole gumba kwenye makali, hukunja uso kitaalamu, halafu hulipa. Ni nadra kumwona mtu akikishika kisu kwa mpini na kukitikisa aone kama kinacheza. Hoja yangu ni nyepesi kuieleza na, naamini, ngumu kuikanusha: kisu cha nyumbani hakifi kwa kupoteza makali, hufia mpinini. Na anayetaka kukifufua kisu cha zamani, hasa akiwa sehemu hizi za Masha, wilayani Isingiro, kati ya jiji la Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, asijisumbue na ndoto za pembe za wanyama wa ng'ambo. Dawa yake inapita barabarani kila jioni ikiwa kichwani mwa ng'ombe, na inazuia magari.

Tuanze na ushahidi. Makali yakifa yana wafufuaji tele: kinoo, tupa, jiwe la mtoni, ngazi ya saruji mlangoni, kitako cha kikombe cha udongo, hata mgongo wa kisu kingine. Mpini hauna jamaa wa namna hiyo. Ndani yake mmeingia msuka, ule mkia mwembamba wa chuma unaounganisha kisu na mti, na hapo pasipoonekana ndipo msiba unapoandaliwa. Kisu kikioshwa, maji hupenya kwenye tundu na mti huvimba. Kikianikwa juani, mti hukauka na kurudi nyuma. Msuka nao hushika kutu, kutu ikasukuma mti, kisha ikamomonyoka na kuacha nafasi. Isingiro ni nchi ya matoke, na anayemenya matoke anaujua ule utomvu unaoganda mweusi kwenye vidole na kwenye kisu. Kuutoa, kisu hulazwa ndani ya beseni la maji hadi mpishi akikumbuke, na mpishi hukikumbuka kesho yake. Mti wowote unaolazwa majini kila siku na kuanikwa kila siku mwisho wake ni kupasuka, hata kama muuzaji aliapa kuwa ni mvule.

Juu ya hayo ziko kazi ambazo kisu hakikuajiriwa kuzifanya. Kisu kile kile kinachokata nyanya ndicho kinachofungua kopo la maziwa ya unga, kinachong'oa kifuniko cha jerikani, kinachokaza skrubu ya redio na kinachogawa sabuni ya mche vipande sita vya kuuza. Akikosekana mwenye nyundo, mpini hupigiwa misumari. Tazama kwa makini mtu anapobandua kifuniko cha kopo: ncha ya kisu imetulia chini ya bati, makali hayafanyi lolote, na nguvu yote ya mkono inaishia pale msuka unapozama ndani ya mti. Hapo ndipo panapofanya kazi ya wenzo, na wenzo ule umeshikiliwa na sentimita chache za mti uliolowa. Kopo hufunguka. Familia hushangilia. Siku inayofuata mama anakata ubavu wa ng'ombe, anavuta mkono kwa nguvu zake zote, na mkono unarudi na mpini peke yake, huku kisu kimesimama wima ndani ya nyama kama bendera ya nchi iliyoshinda vita.

Mpini ukianza kucheza, kaya zetu hupitia ngazi za matibabu zinazofanana kila mahali. Ya kwanza ni kugonga kitako cha mpini juu ya jiwe ili msuka urudi kwake. Hudumu kwa muda wa kitunguu kimoja. Ya pili ni njiti ya kiberiti inayochomekwa kwenye tundu iwe kabari. Hudumu hadi njiti ilowe, nayo hulowa mapema. Ya tatu ni tambara, ambalo hunywa mchuzi wa kila siku na kuuhifadhi, hata mgeni akikatiwa nanasi hupewa na habari za samaki wa juzi. Ya nne ni utepe wa tyubu ya baiskeli uliozungushwa kwa kukazwa, na huu nauheshimu kwa dhati, kwani unashika vizuri na haudai fedha; ila jua na mafuta vikiuzoea hugeuka nata, na kisu hakitaki tena kuachana na mkono wa mtu. Ya tano ni kuyeyusha kipande cha jerikani lililopasuka na kukimimina juu ya msuka. Njia hii hutoa mpini wenye vinundu mahali ambapo kiganja hakina mashimo, pamoja na moshi unaofukuza mbu na wageni kwa pamoja. Ya sita, ambayo ni ya kukata tamaa, ni kuufunga msuka kwa gazeti na kuendelea na maisha. Wanasiasa wanazijua hatari za hatua hii ya mwisho kuliko wapishi. Ndiyo maana hakuna anayegombea kushika makali; wote hugombea mpini.

Mwenye kisu akichoka na ngazi hizo, huanza kutamani mipini anayoiona kwenye picha na video za wapenda visu wa Marekani na Ulaya, iliyochongwa kwa pembe za ayala. Huyu ni yule mnyama ambaye wasomaji wa Zaburi ya 42 wanamfahamu kwa kiu yake kuliko kwa sura yake. Pembe hizo, lazima tukiri, zina sifa. Ni mfupa mtupu, tofauti na za ng'ombe ambazo kwa nje ni kitu kimoja na kucha na nywele. Ayala dume huziangusha mwenyewe kila mwaka na kuotesha nyingine, kwa hiyo mtu anaweza kuziokota msituni bila kumwaga damu. Uso wake una mikunjo na mikwaruzo inayoshika kiganja hata kikiwa na mafuta. Kasoro yake ni moja: hatuna ayala. Kusini mwa Sahara jamii hiyo haipo kiasili. Katika bara zima wenyeji ni wale tu wa misitu ya mpakani mwa Algeria na Tunisia, safari ambayo hakuna bodaboda wa Masha atakayekubali hata ukimwongezea pesa ya chakula. Na la kuchekesha ni kwamba hata Sheffield, mji wa Uingereza uliojijengea jina kwa visu, pembe nyingi za mipini yake ya fahari zilitoka India, kwa ayala mkubwa aitwaye sambari. India ilipozuia pembe hizo kuuzwa nje, mwishoni mwa miaka ya 1990, mafundi walibaki wakitafuta mbadala. Mpini uliosifiwa kuwa wa Kiingereza kabisa ulikuwa mhamiaji. Ungefikia Nakivale, ungeshapewa kadi na kiwanja.

Kuna atakayesema: kama hatuna ayala, si tunaye swala? Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, iliyotangazwa mwaka 1983, haiko mbali na Mbarara, na swala pala wamejaa humo na pembe zao zilizopinda kwa madaha. Jibu lina sehemu mbili, ya maumbile na ya mahakama. Kimaumbile, swala haangushi pembe. Anazaliwa dume, zinaota, anakufa nazo; anayezitaka lazima amsubiri afe au amsaidie kufa. Kimahakama, Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 haivutiwi na hadithi ya kuokota. Kukutwa na sehemu ya mnyama wa porini bila kibali ni kosa, na adhabu zake hazikupangwa kwa kuzingatia mahitaji ya jikoni. Hebu fikiria utetezi wenyewe: "Mheshimiwa, kisu changu kilikuwa kinacheza." Hata hakimu mwenye huruma, ambaye nyumbani kwake kisu kimefungwa tambara, atajikuna kichwa halafu atatoa hukumu.

Wanaodhani kuwa mpini ni jambo dogo lisilostahili sheria wala insha, wamwulize faru. Katika miaka ya 1970 vijana wa Yemen ya Kaskazini walikwenda kufanya kazi Saudi Arabia iliyokuwa ikiogelea kwenye fedha za mafuta, wakarudi na uwezo ambao baba zao hawakuwa nao, na kila mmoja akataka jambia lenye mpini wa pembe ya faru. Mtafiti Esmond Bradley Martin, aliyeishi Nairobi, aliifuatilia biashara hiyo miaka mingi hadi kwenye karakana za mjini Sanaa. Kenya ilikuwa na faru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400. Uganda, iliyokuwa imezama kwenye vurugu za utawala wa Amin na za baada yake, iliwapoteza wote kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ikabidi waletwe upya kwenye hifadhi iitwayo Ziwa, wilayani Nakasongola, kuanzia mwaka 2005. Dawa za Mashariki ya Mbali nazo zilikula sehemu yao ya pembe, hilo halina ubishi. Lakini inabaki kuwa kweli kwamba faru walichinjwa ili mtu apate pa kushikia jambia ambalo, siku nyingi za maisha yake, halikutoka ndani ya ala. Makali hayo hayakumdhuru faru hata mmoja. Mpini ulimaliza makundi.

Ng'ambo ya pili ya jangwa, Waomani wametoa ushahidi wa upole zaidi. Khanjari yao iko kwenye bendera ya taifa, na mwaka 2022 ufundi na desturi zake viliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mtu aitazame bendera hiyo vizuri: anaona mkanda, anaona ala iliyopinda, anaona mpini. Makali hayaonekani kabisa. Taifa zima limeweka silaha kwenye bendera na kuchagua kuonyesha sehemu ya kushikia. Mwomani mwenye khanjari akisifiwa, husifiwa mpini, fedha iliyofumwa juu yake na mshono wa mkanda. Makali huchukuliwa kuwa yapo, kwa imani. Sisi huku tumegeuza mambo, tunasifu makali na mpini tunauchukulia kuwa upo, kwa imani ile ile, ndiyo maana wao wana khanjari za karne mbili na sisi tuna visu visivyomaliza miezi minne.

Turudi basi kwenye dawa ya Masha. Ng'ombe wa Ankole hahitaji kutambulishwa kwa mtu aliyewahi kukwama nyuma ya kundi lake. Pembe zake zinaweza kufikia mita 2 na zaidi kutoka ncha hadi ncha, na hazikuwekwa kwa urembo tu: ndani yake kuna mfupa wenye vyumba vyumba na mishipa ya damu inayosaidia kupoza mwili wakati wa jua. Nje ya mfupa huo ndiko kuna ganda tunalolitaka. Sehemu yake ya chini ina uwazi, nayo mafundi huifanyia vikombe, vifungo vya nguo na vitana. Kuelekea nchani ganda hunenepa hadi likawa zima, na ncha hiyo nzima, urefu wa shubiri moja hivi, ndiyo mpini wa kisu ambao maumbile yalikwisha kuuchonga nusu. Ina mkunjo mdogo unaolala ndani ya kiganja. Rangi yake huanzia nyeusi ikapita kijivu hadi rangi ya samli, mara nyingine zote tatu kwenye kipande kimoja, na hakuna mbili zinazofanana. Tena ni mali ya halali mara mbili: sheria ya wanyamapori haina habari nayo, na ng'ombe amechinjwa kwa kisomo, kwa hiyo Msomali, Mkongomani na Mnyankole wanaweza kumenya ndizi kwa kisu kimoja bila kuitana kwenye kikao.

Kazi yenyewe haitaki mashine, inataka subira. Ncha hukatwa kwa msumeno, hutobolewa katikati kwa keekee tundu jembamba kuliko msuka, kisha huchemshwa. Pembe ikichemka hulainika. Msuka ukigongwa ndani hujichimbia kitanda chake, na pembe ikipoa huubana. Wapo wanaoona kuchemsha ni mambo ya kike, wakaupasha msuka moto hadi uwe mwekundu na kuuzamisha kwa kishindo. Nyumba hujaa harufu ya nywele zilizoungua, jambo la kutarajiwa kwa kuwa pembe na nywele ni damu moja, na kama hawakuzungushia kisu tambara lililolowa, moto hupanda hadi kwenye makali na kuyalegeza. Wanapata mpini imara wa kisu kisichokata. Baada ya hapo hupitishwa msumari wa shaba kutoka shavu moja hadi la pili, ukipenya msuka, na kugongwa vichwa pande zote kuwa ribiti. Ribiti hii ndiyo siri ya kazi nzima. Gundi husahau, kamba hulegea, kabari hutoka. Msumari uliopita katikati ya chuma hauna pa kwenda. Mwisho ni tupa, msasa, na kusugua kwa majivu laini na mafuta hadi pembe ing'ae.

Sasa mapingamizi, nami nitaanza na lile lenye nguvu kuliko yote, la bei. Kisu kipya cha mabati mepesi sokoni huenda kikawa rahisi kuliko nauli ya kwenda kuitafuta pembe machinjioni Mbarara, tuache ujira wa fundi. Nakubali. Lakini hesabu hiyo inadhani visu vyote ni ndugu. Kisu cha zamani ninachokizungumzia, kile kilichofuliwa na mhunzi kwa springi ya gari, kina chuma chenye kaboni ya kutosha. Kinashika kutu upesi, ndiyo, ila hukubali makali kwenye jiwe lolote na kukaa nayo. Kile chembamba kinachong'aa hufika nyumbani kikiwa na makali ya dukani, na yakiisha hayo, unaweza kukinoa tangu adhuhuri hadi magharibi usipate zaidi ya mikwaruzo na misuli ya bega. Anayenunua kipya kila msimu hanunui kisu, analipa kodi ya kisu. Basi apige hesabu kwa miaka kumi, si kwa siku ya soko.

Pingamizi la pili ni la afya na harufu. Ni kweli kwamba kuutenganisha mfupa na ganda lake ni shughuli ya wiki kadhaa, na kwamba pembe inayooza hualika nzi wa kata nzima. Ni kweli pia kwamba vumbi la pembe si la kuvutwa puani, na kwamba pembe ya ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana inaweza kuwa na kimeta, ambacho hakina utani. Lakini ncha nzima haina mfupa ndani, kwa hiyo anayetaka mpini tu aombe akatiwe ncha na wenye vikombe wabaki na mzigo wao. Kimeta nacho kinajibiwa kwa kuchukua pembe ya ng'ombe aliyepimwa na kuchinjwa machinjioni, wala si ya mzoga uliookotwa malishoni, na vumbi kwa kitambaa usoni na kazi kufanyiwa nje.

Kufanyia nje kuna faida nyingine, na hapa naingia kwenye pingamizi ambalo watu hulifikiri bila kulisema. Uganda, kama kwingineko Afrika Mashariki, pembe ni chombo cha waganga. Jirani akiona usiku sufuria inachemka, ndani yake pembe tatu, na pembeni mtu amekaa na kisu kisicho na mpini, hatauliza maswali. Atawaita wengine waje kuuliza. Ushauri wangu ni kazi hii ifanywe saa nne asubuhi, uani, redio ikiwa imewashwa, na kisu kibovu kikiwa kimewekwa mahali kinapoonekana kama kielelezo cha utetezi. Na watoto waruhusiwe kutazama. Hakuna ushirikina ambao umewahi kustahimili maswali ya mtoto wa miaka saba.

Pingamizi la nne lina haki zaidi: pembe ikishang'arishwa huteleza, hasa kwa mkono wenye mafuta, na hapo ayala anatushinda bila ubishi. Tena pembe nayo hunywa maji ikilazwa kwenye beseni usiku kucha. Hujikunja na kufumuka tabaka kwa tabaka. Wanaosema mti wa mpera unatosha, mgumu na wenye nyuzi zinazoshikana, sina ugomvi nao. Kwa jembe na shoka ningeuchagua mpera mimi mwenyewe, kwa kuwa pembe haipendi mshtuko. Kwa kisu cha jikoni, hata hivyo, kuteleza kunatibiwa kwa kuchora mifereji michache kwa tupa na kuacha kung'arisha upande wa vidole. Kuhusu beseni, hakuna mpini duniani unaopenda kulala majini. Anayekataa pembe kwa sababu atakisahau kisu kwenye beseni hana tatizo la mpini.

Liko pia pingamizi la wanafalsafa, ambao hawakosekani palipo na watu zaidi ya watatu na birika la chai. Huuliza: kisu cha babu kikibadilishwa mpini, bado ni cha babu? Na kikija kubadilishwa chuma, je? Swali hili lina umri mkubwa. Plutarko aliliandika kuhusu merikebu ya Theseo, ambayo Waathene waliibadilisha ubao mmoja mmoja hadi wasomi wakagombana kama ni ile ile. Athene walikuwa na nafasi ya kugombana. Makazi ya Nakivale yamekuwa yakipokea watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kuanzia Wanyarwanda wa kwanza hadi Wakongomani, Warundi na Wasomali wa leo, na hao wamebadilisha nchi, nyumba, kazi na mara nyingine lugha ya sokoni, wakabaki wao wale wale na madeni yao yale yale. Sioni kwa nini kisu kinyimwe haki hiyo.

Nakivale yenyewe ndiyo inayonipa hoja ya mwisho, ambayo kwangu ni nzito kuliko uimara. Familia nyingi zilizowasili huko zilipewa vyombo vya kuanzia maisha: sufuria, sahani, vikombe, vijiko na kisu kimoja cha jikoni. Vyombo hivyo hufanana. Fikiria basi siku ya harusi au matanga, ambapo matoke ya watu mia hayamenywi kwa kisu kimoja. Visu hukusanywa nyumba kwa nyumba, "Mama, tuazime kisu, tunarudisha jioni," na jioni ikifika kuna rundo la visu mapacha juu ya mkeka na akina mama wamesimama kulizunguka, kila mmoja akikitambua chake kwa alama ambayo wenzake pia wanaitambua. Aliyewahi huondoka na kilicho bora. Aliyechelewa hupewa kile chenye tambara, na huapa kwamba hakukileta yeye. Kisu chenye mpini wa pembe hakiingii kwenye kesi hiyo. Rangi yake haina pacha, mkunjo wake hauna pacha, na aliyekichukua kwa bahati mbaya atakutwa nacho kabla bahati hiyo haijakamilika. Makali yanaweza kumpa mtu nyama siku moja. Mpini ndio unaohakikisha kuwa kesho yake bado ana kisu.

Hofu iliyobaki ni kwamba pembe zenyewe zitaadimika. Mbarara ni kitovu cha maziwa, na wafugaji wengi wamechanganya mifugo yao na Friesian, ambaye hutoa maziwa mengi na ambaye pembe zake ni fupi au hukatwa angali ndama. Siwalaumu; mpini haulipi karo ya shule. Ikifika siku ambayo ncha nzuri haipatikani, tutarudi kwenye mpera bila kinyongo, mradi msumari wa shaba upite katikati ya msuka, kwani kanuni ni ile ile: kitu kilicho karibu, kilicho halali, kilichofungwa kwa ribiti. Kwa sasa zipo, na anayemaliza kazi yake vizuri ana agizo moja tu la kuzingatia. Jirani akija kuazima, ampe kwa moyo mweupe, lakini amwulize kwanza kama kopo la maziwa limekwisha kufunguliwa.